Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito? Nunua kwa mpangilio huu

Ingia duka lolote la kompyuta hapa Mombasa, pale Moi Avenue au Digo Road, useme mashine yako imekuwa nzito, na huenda kabla hujamaliza ushaonyeshwa laptopu nyingine. Usikubali upesi. Laptopu nyingi tulizo nazo majumbani, hasa zile EliteBook, Latitude na ThinkPad zilizokuja kutoka ng'ambo zikiwa zimetumika, bado zina prosesa (ubongo wa mashine) ya kutosha kwa kazi za shule, hesabu za duka na filamu za jioni. Kinachozirudisha nyuma mara nyingi ni kifaa kimoja tu.

Kukijua ni bure. Mashine ikiwa katika uzito wake, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows itakuonyesha asilimia za diski, kumbukumbu na prosesa. Diski ikiganda kwenye 100 na vingine vimetulia, mgonjwa umempata. Kumbukumbu ikiwa juu ya 80 na umefungua kurasa chache tu za intaneti, RAM, yaani hiyo kumbukumbu, ni haba. Mashine ikianza vizuri kisha ikajikokota huku feni inavuma, hilo ni joto.

1. SSD

Hii diski ya kisasa ya chipu ni ya kwanza, na inayoifuata iko mbali. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5400 kwa dakika, na kichwa kinachokwenda huku na huku kutafuta faili. SSD haina kinachosogea. Kwa faili moja kubwa, ya zamani husoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida, iitwayo SATA, kama 500. Ila faida utakayoihisi ni kwenye yale maelfu ya vifaili vidogo ambavyo Windows huvisoma inapowaka. Hapo tofauti ni kubwa kuliko hizo namba.

GB 256 zatosha nyumba nyingi. Mkiweka picha na video za harusi, chukueni 512. Za 120 siku hizi hujaa upesi, ziacheni dukani.

Nenda na mashine yenyewe, maana SSD zina maumbo. Ipo ya inchi 2.5, inayokaa pale pale palipokuwa na diski ya zamani. Ipo M.2, kijiti chembamba cha milimita 22 kwa 80, nacho ni cha aina mbili: SATA, na NVMe iliyo ya kasi zaidi. Chenye pengo moja kwenye meno kwa kawaida ni NVMe, chenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, lakini soma lebo usibahatishe. NVMe hutajwa kufika MB 3000 kwa sekunde na zaidi. Kwa kazi za nyumbani hutaona tofauti ya kuongezea pesa nyingi.

Ukiambiwa "hii orijino, bosi" na ni TB 2 kwa bei ya GB 256, toka. Hizo ni chipu ndogo zilizoandikiwa ukubwa wa uongo. Zitapokea faili zako, kisha uje uzikute zimeharibika. Mwambie fundi aichomeke hapo hapo na afungue programu ya CrystalDiskInfo: SSD mpya huonyesha saa za matumizi karibu na sifuri. Risiti iandikwe nambari ya kifaa.

2. Kusafisha na kubadilisha pasta

Wengi huweka RAM hapa. Kwa Mombasa mimi nakataa. Upepo wa bahari una chumvi na unyevu, na kaskazi ikiingia chumba kizima ni fukuto. Vumbi lililolowa hugandamana kati ya feni na yale mapezi ya shaba, likawa kama kipande cha blanketi, na brashi ya nje hailifikii. Prosesa ikipata moto hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue.

Fanya kazi hii siku ile ile ya SSD, mgongo wa mashine ukiwa tayari wazi, ulipe ufundi mara moja. Pasta ya zamani, ule ute unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa, ifutwe kwa spiriti, mpya iwekwe kidogo. Meno ya RAM yakiwa na ukijani wa chumvi, nayo yasafishwe. Vile vibao vya feni vya kuwekea laptopu juu yake havitoi vumbi lililo ndani.

3. RAM

Kutoka GB 4 hadi 8 utafurahi. Kutoka 8 hadi 16 ni kwa wahariri wa video na wenye kurasa hamsini wazi. Aina za RAM, DDR3 na DDR4, haziingiliani, na laptopu nyingine hutaka DDR3L ya volti 1.35 pekee. MacBook Air na ThinkPad X1 Carbon RAM yake imechomelewa, haiongezwi. Bei zilipanda sana kuelekea mwisho wa 2025, kwa hivyo iliyotumika kutoka kwa fundi unayemwamini si aibu.

4. Laptopu nyingine

Windows 10 iliachwa kuhudumiwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel hutaka, kwa jumla, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine ya nyuma ya hapo yaweza kuishi vizuri na Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Kama lazima Windows, tafuta ThinkPad T480, Latitude 7490 au EliteBook 840 G5, lakini soma prosesa: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-7300U ni cha 7, na G5 zilitoka na zote mbili.

Programu za kulipia za "kusafisha kompyuta" sikuziorodhesha kwa makusudi. Kuzima programu zinazojiwasha zenyewe kwafanyika bure, kwenye dirisha lile lile ulilofungua kwa Ctrl, Shift na Esc.

Na diski ya zamani usimwachie fundi. Ina picha za familia na vyeti vyenu. Nunua kasha la USB, uitumie kuhifadhia nakala.