Celeste: gemu la kuruka lililonifikisha kileleni

Magemu ya kuruka-ruka sikuwahi kuyapenda. Nimekulia kwenye gemu la mpira, na nikiuchoka mpira nageukia magari. Yale ya kuruka yalinikera kwa jambo moja: ukikosea hatua moja unarudishwa mwanzo kabisa, urudie dakika kumi za njia ambayo tayari unaijua. Mdogo wangu aliponifungulia Celeste kwenye kompyuta yake, nilikubali nusu saa tu ili nisimvunje moyo. Nimelimaliza wiki iliyopita, nikiwa nimekufa mara 2,846.

Lilitoka 2018, kazi ya Maddy Thorson na Noel Berry na timu yao ndogo. Unamwongoza msichana, Madeline, anayepanda mlima. Anaruka, anang'ang'ania ukuta, na akiwa hewani anaweza kuchomoka mara moja kwa kasi. Nywele zake ni nyekundu. Akishachomoka zinageuka bluu, na hapo unajua huna tena cha kujiokolea mpaka akanyage chini. Ukutani nako hakai sana: nguvu zikipungua anaanza kumetameta, kisha anateleza.

Ni gumu kweli. Kuna chumba kimoja kilinikalisha karibu saa nzima. Lakini ukifa, kufumba na kufumbua uko tena mlangoni mwa chumba kile kile. Hakuna maisha ya kuhesabiwa, hakuna kusubiri. Kwa hiyo nilikuwa sirudii nilichokwisha kukijua. Nilikuwa narudia pale pale panaponishinda, vidole vikijifunza kidogo kidogo, mpaka mara moja vinapita vyenyewe. Raha ya sekunde ile sikuwahi kuipata kwenye bao lolote la dakika ya mwisho.

Hadithi yake nayo ilinishika. Katikati ya safari, kigari cha kamba kinakwama juu ya bonde na Madeline anashikwa na hofu, pumzi zinambana. Rafiki yake Theo anamwambia awaze unyoya unaoelea, apumue polepole. Wewe mchezaji ndiye unayeupandisha na kuushusha unyoya ule kwa kitufe, na nilijikuta napumua nao. Ndani ya nyumba yetu yuko mtu anayepatwa na hali hiyo. Niliposimamisha gemu, nilikaa kimya kwa muda.

Nisichokipenda ni sura ya tano, ya hekalu lenye giza, hasa wale viumbe wanaokuvamia kila ukiingia mbele ya macho yao. Pale niliwasha msaada uliomo ndani ya gemu, nikapunguza kasi mpaka asilimia 80, nikapita, nikauzima. Unaweza hata kuzuia usife kabisa. Ni jambo jema sana kwa anayetaka hadithi bila vidole kuuma, wala gemu halimsimangi anayeutumia.

Muziki wa Lena Raine usikilize kwa hedifoni. Kwenye sura ya saba, bendera zinapoanza kuhesabu kutoka 30 kuelekea kileleni, muziki unapanda pamoja nawe, na mimi nilicheza sehemu ile nimesimama.

Sasa nimegundua kuna kanda za kaseti zilizofichwa, kila moja inafungua toleo gumu zaidi la sura yake. Nimepata tatu. Ya kwanza nimeianza jana usiku.