Timolol 0.5%: dawa nzuri, lakini saa ya kuitia ina neno

Hapa Mombasa, mgonjwa wa glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi kwa presha ya jicho kupanda) akiandikiwa matone, mara nyingi ni timolol. Inapatikana kwa urahisi madukani na bei yake ni nafuu kuliko latanoprost, tone jingine la glakoma. Kazi inaifanya kweli: hupunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho, na presha ya jicho hushuka kwa asilimia 20 hadi 25.

Kasoro yake iko usiku. Neva ya jicho inalishwa na mishipa midogo sana ya damu, na damu hiyo huingia kwa kushindana na presha ya jicho. Chukua namba ya chini ya kipimo cha presha ya damu, toa presha ya jicho. Mchana, 80 toa 18, inabaki 62. Usiku presha ya damu huteremka, tuseme 52, na ya jicho hupanda kwa kule kulala chali, tuseme 22. Inabaki 30 tu. Mishipa mizima ingetanuka kufidia; kwa wagonjwa wengi wa glakoma uwezo huo umelegea, na neva hukosa damu ya kutosha saa nzima nzima. Utafiti wa Baltimore, Marekani, uliotolewa 1995 ulikuta glakoma mara sita zaidi kwa wale ambao tofauti hiyo ilikuwa ndogo kabisa.

Sasa, jicho la mtu aliyelala hutengeneza maji kidogo tayari, kwa hiyo tone la usiku halina mengi ya kupunguza. Lakini ile dawa inayopenya mwilini hupunguza mapigo ya moyo na huweza kuishusha presha ya damu zaidi, hasa kwa anayemeza vidonge vya presha kabla ya kulala. Mwambie daktari wa macho vidonge vyote unavyomeza na saa zake, na umuulize kuhusu timolol ya jeli ya mara moja asubuhi, au latanoprost, ambayo hufanya kazi usiku pia. Usiache dawa kwa kujiamulia.

Alama zetu: 4 kwa 5 kwa tone la asubuhi, 2 kwa 5 kwa la usiku. Mwenye pumu asiiguse kabisa.

Kuitia: vuta kope la chini, tia tone moja, fumba jicho, kisha bana kona ya ndani kando ya pua kwa dakika 2. Usipobana, dawa huteremka puani na kuingia kwenye damu. Tone la pili humwagika shavuni bure. Kama una matone ya aina nyingine, ngoja dakika 5.

Chupa ikishafunguliwa, itupe baada ya siku 28 hata ikibaki. Lebo nyingi husema joto lisizidi nyuzi 25, na kaskazi yetu hupita 30 bila shida, kwa hiyo usiiache garini. Dukani nako, chupa zilizopangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua, ziache hapo hapo.