Kenge wa kufugwa: tangi la kioo au boksi la mbao?

Wengi wanaofuga kenge wa savana huko Marekani huanza na tangi la kioo lenye wavu juu. Linapendeza, na kenge mdogo unamwona vizuri. Lakini joto na unyevu hupotea kupitia wavuni, na tangi la kawaida halina kina cha udongo. Kenge huyu ni mchimbaji: anataka udongo wa sentimita 60 hivi, unaoshikamana ukiufinyanga kiganjani, la sivyo shimo humporomokea.

Boksi la mbao la mita 2.4 kwa 1.2 hutunza joto na unyevu. Ni zito, na lisipopakwa vanishi vizuri huoza. Hata hivyo nachagua mbao: jiwe chini ya taa lifike nyuzi joto 50 na zaidi, upande wa pili ubaki na ubaridi, naye ajichagulie pa kulala.