91 ya Marekani si 91 ya Maskati: yaliyonipata na pikapu yangu

Ninaandika nikiwa bado na hasira, kwani najua ikinitoka nitaanza kuwatafutia watu udhuru.

Gari langu ni Ram TRX iliyotumika, iliyoagizwa kutoka Marekani, na nguvu zake sina haja ya kuzieleza, maana vijana wa hapa Maskati wanazijua kuliko mimi mwenyewe. Kitabu chake kinataka petroli ya oktani 91, oktani ikiwa kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kushindiliwa bila kujiwakia yenyewe. Basi kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimwambia mhudumu wa pampu ajaze 91, nikaondoka na moyo mweupe nikiamini kwamba nimetii agizo la watengenezaji.

Ulikuwa msimu wa joto, makomamanga ya Jabal Akhdar yakikaribia kuiva, nikawapakia wanangu na mama yao tupande mlimani. Tulipita kizuizi cha polisi cha Birkat al-Mauz, ambapo gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne hurudishwa, na nilipokanyaga mafuta kwenye mwinuko wa kwanza injini ikatoa mlio mkavu, kama mbaazi zinazotikiswa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Nikilegeza mguu, mlio unanyamaza. Nikikanyaga, unarudi, na gari likawa zito kiasi kwamba tulijikokota nyuma ya kigari kilichopakia mbuzi. Mwanangu mkubwa akaniuliza, kwa adabu zote, kama hili ndilo gari nililoliuzia lile la zamani.

Nililipeleka gereji, ambayo jina lake nalihifadhi. Walibadilisha plagi zote, nazo ni 16, kwa kuwa kila silinda ina mbili, wakanipa bili ambayo sitaki kuikumbuka, na mlio ukabaki palepale. Niliporudi kuuliza kama huenda tatizo ni mafuta, msimamizi wao, Mswahili mwenzangu mwenye asili ya Unguja kama mimi, hakuinuka hata kitini. Alikichukua kitabu changu, akapiga mstari kwa kalamu ya wino chini ya namba, bila kuniomba ruhusa, akasema: "Sheikh, 91 ni 91. Hesabu haibadiliki kwa kuvuka bahari." Mafundi wakacheka.

Nilikisoma kitabu hicho usiku, na jawabu lilikuwa juu ya mstari uleule alioupiga, kando ya namba: (R+M)/2. Oktani hupimwa kwa njia mbili, R (Research) na M (Motor), na ile ya M ni kali zaidi, kwa hiyo namba yake hutoka ndogo. Marekani huandika kwenye pampu wastani wa hizo mbili, ilhali Oman, kama nchi nyingi duniani, huandika ile ya R peke yake. Tofauti kwa kawaida ni namba 4 au 5. Kwa hiyo 91 yao ni kama 95 au 96 yetu, na 91 yetu ni kama 87 yao, petroli ya kawaida kabisa, niliyokuwa nikiinywesha injini yenye supachaja, yaani pampu inayoishindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikishindiliwa namna ile katika joto lile, mafuta dhaifu hujiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia, ndipo injini inapogonga. Kompyuta ikisikia huchelewesha cheche ili kuinusuru, na nguvu hupotea. Yaani gari nililolilaani njia nzima lilikuwa likijiokoa na ujinga wangu. Na yote haya kwa tofauti ya baisa 10 (senti za Oman) kwa lita kati ya 91 na 95!

Nilikuwa nimeapa kuliuza. Siliuzi. Baada ya matangi mawili ya 95 nilipanda tena mlima uleule, na mbaazi sikuzisikia. Siku za joto kali hutia 98 inapopatikana, ingawa, nikisema kweli, masikio yangu hayajaona tofauti yoyote.

Kuhusu gereji, nilitaka kuwaambia msikanyage pale. Kwa haki lazima niseme kiyoyozi walikitengeneza vizuri, kwa bei nafuu, na kijana aliyekishughulikia alikuwa mstaarabu, kwa hiyo kwa kiyoyozi nendeni. Hapana, nayarudisha maneno yangu, msiende hata kwa kiyoyozi. Plagi za zamani walinirudishia ndani ya boksi. Nimezifuta na kuzitazama moja moja, zote 16, na zote ni nzima.