WHMCS, Blesta au ya bure? Softwea za bilingi na sapoti kwa wanaouza hostingi

Haya wadau, karibuni tena. Leo tunaongelea softwea za bilingi na sapoti kwa mtu anayeuza hostingi, na najua wengi mmekuja kusikia ipi kali kati ya WHMCS na Blesta, nitajibu, ila kwanza niseme kitu ambacho reviu nyingi zinakiruka. Reviu nyingi zinakuonyesha dashibodi, grafu zinapanda, rangi za kuvutia, basi. Dashibodi utaizoea ndani ya wiki, iwe nzuri iwe mbovu. Mi naipima softwea kwa siku ambayo mambo yameharibika, yaani hela imeingia mfumo haujui, kron imekufa usiku, au umeichoka na unataka kuhama na wateja wako wote. Kwa kipimo hicho ndo maana maksi zangu hazifanani sana na za wengine.

Tuanze na kron. Softwea zote hizi, za kulipia na za bure, zinategemea hiyo kazi ya ratiba inayojiwasha yenyewe kwenye seva. Ndo inatengeneza invoisi siku kadhaa kabla ya tarehe ya kulipa, inatuma vikumbusho, inajaribu kukata kadi, halafu siku za kumvumilia mteja zikiisha inaingia kwenye paneli ya kuendesha seva, yaani cPanel au Plesk au DirectAdmin, inasimamisha akaunti, na mwisho kabisa, kama umeiruhusu, inafuta. Inafuta, sio inaficha. Ushauri wangu hapo hauna kona: kusimamisha acha mashine ifanye, kufuta zima kabisa, fanya kwa mkono wako baada ya kuangalia bakapu ipo au haipo.

Sasa chukua hii. Mteja kalipa saa tano usiku, getiwei, yaani huduma inayokupokelea malipo mtandaoni, imepokea hela, inarusha taarifa kwenye seva yako kusema invoisi fulani imelipwa, lakini faiwoli yako imeizuia, au cheti cha SSL kimeisha muda getiwei ikagoma kuongea na wewe. Kwako invoisi bado inasoma haijalipwa. Kron inapita, inaona deni, inasimamisha. Asubuhi mteja anakuta saiti yake imefungwa na risiti ya malipo anayo mkononi, na hapo utamweleza nini akuelewe? Kwa hiyo swali la kwanza unalotakiwa kuuliza kwenye demo ni hili, nikitaka kuona taarifa ghafi iliyotoka kwenye getiwei naiona wapi? WHMCS ina logi ya getiwei, yaani kumbukumbu ambapo kila taarifa iliyofika unaiona na majibu yake, ina logi ya moduli (vipande vinavyoiunganisha na getiwei, seva na wengine) ukiiwasha, na ina foleni ya kazi za moduli zilizofeli ili uzirudie. Blesta nayo ina logi za getiwei na za moduli, na kiukweli nazipenda zilivyokaa, hazijajificha. Ukikuta softwea haina kitu kama hicho, hata iwe nzuri vipi, funga hiyo tabu ya brauza endelea na maisha.

Na kama getiwei yako haina moduli rasmi ukaamua kumlipa developa akutengenezee, mwambie mapema kwamba getiwei hurudia kutuma taarifa ileile mara mbili au zaidi, ni kawaida yao. Moduli lazima ikague namba ya muamala kwanza. Kwenye WHMCS kuna fankshen ya kazi hiyohiyo inaitwa checkCbTransID, developa asipoiweka mteja analipa mara moja anaandikiwa mara mbili, na zile ziada zinakaa kama salio lake anakuja kulipia huduma za baadae. Utagundua ukifunga hesabu za mwezi.

Haya, bidhaa zenyewe.

WHMCS ndo kubwa, karibu kila moduli, kila rejista wa domeini (kampuni inayosajili majina ya saiti), kila temu utaikuta inaanza na WHMCS. Hiyo ni nguvu kubwa na sitaki kuipunguza. Kinachonikera ni vitu vitatu. Leseni yake bei inapanda kulingana na wateja ulionao walio hai, kwa hiyo ukikua unalipa zaidi hata kama hujatumia kitu kipya, na ipo chini ya WebPros, kundi hilohilo lenye cPanel na Plesk. Mwaka 2019 cPanel ilibadilisha bei zake ikaanza kuchaji kwa idadi ya akaunti, wenye hostingi waliokuwa kipindi hicho hawajasahau. Sisemi ni wabaya, nasema paneli yako na bilingi yako zikiwa nyumba moja, siku bei ikipanda huna pa kuegemea. Kingine ni kwamba msimbo wake umefungwa kwa ionCube ili usisomeke, seva lazima iwe na kifunguzi chake, ionCube Loader, ya toleo lako la PHP. PHP 8.0 haikuwahi kupata loader, ionCube waliiruka wakaenda 8.1 moja kwa moja. Kwa hiyo usipandishe PHP kwenye seva ya bilingi kwa mkumbo tu kisa umeona namba mpya.

Blesta sehemu kubwa ya msimbo wake iko wazi, unausoma, unajua kinachofanyika, na developa wako hatapapasa gizani. Ni nyepesi, imepangika. Udhaifu wake ni soko, moduli za watu wa nje ni chache ukilinganisha, kwa hiyo kabla hujaipenda andika getiwei zako na rejista wako wa domeini kwenye karatasi ukague kimoja kimoja kama kipo.

HostBill naipita haraka, ni nzito na ina moduli nyingi mno, inamfaa mwenye klaudi na seva nzima nzima za kukodisha, muuza hostingi ya kawaida utakuwa unalipia vyumba usivyolala.

Za bure sasa. FOSSBilling ilizaliwa kutoka BoxBilling baada ya ile kudorora, leseni yake ni Apache 2.0, na Paymenter inapendwa sana na wanaouza seva za magemu kwa sababu inaongea na Pterodactyl, paneli ya kuendesha seva za magemu. Nimezichezea zote mbili na zinanifurahisha, ila mpaka narekodi hii FOSSBilling matoleo yake bado yanaanza na sifuri, na hapo wenyewe wanakwambia bado haijakomaa. Kwa mwenye wateja wachache na anayejua PHP, sawa, ingia. Kwa mtu ambaye anataka kumpigia mtu kelele saa nane usiku mambo yakikwama, hakuna wa kumpigia, uko wewe na GitHub.

Mi ningekuwa naanza leo na getiwei zangu zote zipo Blesta, ningechukua Blesta. Kama kuna hata moja muhimu haipo, WHMCS, bila kujitesa.

Sapoti. Watu wananiuliza kama wachukue mfumo wa tiketi wa pembeni, Zendesk, Freshdesk, osTicket na wenzake. Kwa hostingi ndogo, hapana, tumia tiketi zilizomo ndani ya bilingi hata kama sura yake ni ya zamani. Sababu ni moja tu, tiketi ikifunguka pembeni yake unaona mteja ana huduma gani, iko seva ipi, anadaiwa au hadaiwi. Tiketi nyingi za "saiti yangu haifunguki" jibu lake liko kwenye invoisi. Ukiwa na mfumo wa pembeni, anayejibu anaanza kumuuliza mteja domeini yake ni ipi, mteja ambaye tayari kakasirika.

Ila kitu cha kujaribu kwenye demo ni barua pepe. Tuma imeili kwenye anwani ya sapoti, ione inageuka tiketi, jibu, halafu kama mteja rudisha jibu ila futa ile namba ya tiketi kwenye kichwa cha imeili. Mifumo inayotegemea hiyo namba tu itafungua tiketi mpya kabisa, na wateja wanafuta kichwa cha habari kila siku. Baada ya hapo weka jibu la kujiendesha kwenye imeili ya mteja, lile la "niko likizo", uone mfumo unafanyaje, kwa sababu mfumo usio na breki utajibu likizo, likizo itajibu mfumo, na asubuhi unakuta tiketi moja ina majibu mia mbili na hakuna binadamu hata mmoja humo.

Domeini, kwa kifupi. Kwa domeini za kawaida kama .com, sheria za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, zinataka mteja akumbushwe takriban mwezi mmoja kabla ya kuisha, tena wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku tano baada ya kuisha kama hajalipia. Kagua nani anatuma, rejista au softwea yako, maana wakituma wote wawili kwa majina tofauti mteja anadhani ni matapeli, na asipotuma yeyote domeini inaondoka.

Nimalizie na kuhama, ambako watu hawakufikirii mpaka wamechelewa. Blesta ina kifaa cha kuingiza data kutoka WHMCS, kwa hiyo njia ipo. Kadi za wateja kama zimetunzwa kwa getiwei, yaani wewe una tokeni tu, kodi inayowakilisha kadi bila namba yake, unaweza kuendelea nazo ukibaki na getiwei ileile. Lakini kwenye WHMCS kuna faili la configuration.php, ndani yake kuna mstari wa cc_encryption_hash, na huo ndo ufunguo wa vitu vilivyosimbwa kwenye databesi, zikiwemo paswedi za seva zako. Watu wanachukua bakapu ya databesi kila usiku na wanaliacha hilo faili. Siku seva ikifa unarudisha databesi, wateja wapo, invoisi zipo, na hakuna paswedi hata moja inayosomeka. Nenda kalikague lipo kwenye bakapu yako, na usilihifadhi sehemu moja na databesi, la sivyo anayeiba kimoja kaiba vyote.

Kwenye komenti niandikieni getiwei mnayotumia na toleo la softwea mlilonalo, video ijayo nataka kufungua moduli za getiwei tuzikague msimbo mstari kwa mstari, naanza na itakayotajwa zaidi.