Marion au Clarice?

Juzi hapa Kondele, Kisumu, mimi na dada yangu tulitazama filamu mbili za kusisimua usiku mmoja, tukajiuliza ni mhusika yupi wa kike anayetuvutia zaidi. Katika Psycho (1960), Marion anaiba dola 40,000, anajuta, anaamua kuzirudisha. Kisha anauawa bafuni, hadithi haijafika hata nusu. Kinachobaki ni jicho lake wazi, shavu limelala sakafuni. Liliniuma. Toba yake haikumfaa kitu.

Katika The Silence of the Lambs (1991), Clarice ndiye anayemsaka muuaji. Hata mateka aliyefungiwa shimoni hakai kulia tu. Anamvuta mbwa wa muuaji kwa mfupa. Na kule gizani, nyumbani kwa muuaji, Clarice anatetemeka, bastola mkononi, lakini anafyatua. Mimi namchagua Clarice: anaogopa, na bado hadithi ni yake.