Kituo cha Grand Circus Park, Detroit: shuka hapa ukienda ukumbi wa maonyesho wa Fox

Jumamosi nilimpandisha mama People Mover, ile treni ndogo inayopita juu ya nguzo katikati ya Detroit. Aliposikia haina dereva, alinishika mkono na hakuuachia mpaka tukashuka Grand Circus Park.

Nakipenda sana kituo hiki. Kimeshikana na jengo la David Whitney, la mwaka 1915, na ndani ya kituo kuna sanamu ya shaba ya bwana mmoja anayesoma gazeti. Mama alisogea kando yake, akachungulia gazeti, akampapasa mkono wa koti. "Mwanangu, hata mikunjo wameitia!"

Ukishuka chini, dakika chache tu kwa miguu kwa barabara ya Woodward unafika Fox, ukumbi wa 1928 wenye viti kama 5,000. Uwanja wa besiboli wa Comerica Park uko ng'ambo yake. Usihangaike na maegesho siku ya onyesho.

Nauli ilikuwa senti 75, ikaondolewa Januari 2024. Ila kumbuka: treni inazunguka upande mmoja tu, vituo 13. Ukitaka kurudi kituo kimoja nyuma, heri utembee.